Kwa Nini Alitetemeka Juani

Kaskazi iliyopita, wajukuu zangu, mmoja wenu aliniuliza swali barazani, nikakosa jibu la haraka. Kijana yule wa chini ya mkungu, kule ufukweni, mbona anatetemeka kwa baridi saa saba za mchana, na jua linaunguza mchanga? Tena anapiga miayo, kamasi zinamtoka, na mkate mliompa ameushika tu.

Hakuwa na homa. Alikuwa na arosto.

Ukijikwaa kidole, kwanza unaona nyota, halafu maumivu yanatulia yenyewe. Hiyo ni kazi ya ubongo: una dawa yake, hujitengenezea kidogo kidogo. Heroini, ambayo hapa Shella yetu ya Malindi tunaiita unga, hutokana na afyuni, utomvu wa ua. Huiga dawa ile ya ubongo, ila kwa kishindo. Ubongo ukiona dawa inamiminwa kutoka nje kila siku, hufunga karakana yake. Siku unga ukikosekana, mtu hana dawa ya nje wala ya ndani. Mifupa inauma, tumbo linaendesha, usingizi hauji: hiyo ndiyo arosto. Mwanzo alivuta apate raha; sasa anatafuta kete ya unga ili asiumwe tu. Mkate ungemfaa nini?

Unga ulikuwa pwani hii tangu miaka ya 1980, ukivutwa. Baadaye zikaja sindano, na sindano moja ikipita mikononi mwa watatu hubeba virusi vya Ukimwi na homa ya ini. Unga ukizidi, mtu husahau kupumua. Na nisikilizeni hapa: aliyekwisha kuacha ndiye aliye hatarini zaidi akirudia, kwa sababu mwili umeusahau unga, naye anachukua kipimo kilekile cha zamani.

Watumiaji wa unga tuliwaita mateja, tukawafukuza. Mimi mwenyewe nilikuwa nikificha viatu vyangu msikitini. Mradi wa Omari, ulioanza hapa Malindi mwaka 1995, uliwapokea kama wagonjwa. Kisha mwaka 2015 hospitali yetu ikaanza kutoa methadoni. Hunywewa kila siku mbele ya mhudumu. Ni jamaa ya unga, siwafichi, lakini haina papara: hukaa mwilini mchana na usiku, arosto ikatulia bila mtu kulewa. Mtasema ni kumtoa kwenye dawa na kumtia kwenye dawa. Sawa, lakini wapo wenye kisukari wanaodungwa kila siku, na hatuwafichi viatu.

Kijana wenu sasa yumo kwenye foleni ya methadoni. Alikuwa mvuvi wa kulala baharini siku tatu, nne, na kikombe hakimngoji mtu aliye majini. Basi amebaki nchi kavu. Jana nilimkuta chini ya mkungu uleule anashona nyavu za wenzake, sindano ya mbao inaingia na kutoka kwenye matundu, mkono umetulia.