Je, Wajua? Ganda la Korosho Limefika Maabara ya Nano

Sogea hapa benchini, jirani. Je, wajua kwamba yale mafuta ya ganda la korosho, yanayobabua vidole vya wabanguaji wetu, yameshatumika kutengeneza chembe za semikondakta, jamii ileile ya vitu inayoendesha simu yako? Kazi hiyo ilichapishwa mwaka 2013, na miongoni mwa walioifanya ni Profesa Egid Mubofu, mkemia wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Ndani ya mafuta hayo mna asidi anakadiki. Asidi hiyo huzizingira chembe zenye madini ya risasi na kuzizuia zisishikamane, zikabaki ndogo kupita kiasi.

Ndogo kiasi gani? Zinapimwa kwa nanomita. Ng'oa unywele mmoja kichwani kwako uutazame: upana wake ni nanomita zipatazo 80,000! Hapa Mtwara, mkoa unaoongoza nchini kwa korosho, ganda hilo lingestahili kutunzwa kama punje yenyewe.

Tena wajua kwamba chembe za ukubwa huo hubadili rangi kwa kunenepa tu? Kadimiamu selenidi ya nanomita 2 hung'aa buluu. Ikifika nanomita 6 au 7, inang'aa nyekundu, na hakuna aliyeongeza rangi hata tone! Moungi Bawendi, Louis Brus na Aleksey Yekimov walipewa Nobel ya Kemia mwaka 2023 kwa chembe hizo, ziitwazo nukta kwanta. Baadhi ya televisheni za madukani zinazo tayari.

Haya, tuingie Lindi kidogo. Ardhini kule Ruangwa kuna kinywe, madini meusi yaleyale yaliyomo kwenye penseli ya mwanao. Kinywe chenye unene wa milimita 1 kina matabaka yapatayo milioni 3 ya kaboni! Mwaka 2004 Andre Geim na Konstantin Novoselov wa Chuo Kikuu cha Manchester, Uingereza, walifanikiwa kubandua tabaka moja peke yake. Kwa kifaa gani? Selotepu, jirani. Mwaka 2010 selotepu hiyo ikawapatia Nobel ya Fizikia.

Usinyanyuke, tabaka hilo bado lina vituko. Linaitwa grafini. Mwaka 2018 kundi la Pablo Jarillo-Herrero huko MIT, Marekani, lilipandanisha matabaka mawili na kulizungusha moja kwa digrii 1.1 tu. Walipoyapoza hadi karibu nyuzi 271 chini ya sifuri, umeme ukapita bila kizuizi chochote! Ukikosea pembe kidogo tu, ajabu hiyo huioni. Na Januari 2024 kundi la mwanafizikia Walter de Heer likatangaza grafini iliyofanywa semikondakta, ambamo elektroni hukimbia kwa wepesi mara 10 kuliko kwenye silikoni.

Umewahi kumsikia Erasto Mpemba? Mwaka 1963, akiwa kidato cha tatu Magamba, Lushoto, aliingiza maziwa ya moto kwenye friji atengeneze aiskrimu. Yakaganda kabla ya maziwa ya mwenzake ambayo hayakuchemshwa! Mwaka 1969 yeye na Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia Dar es Salaam, wakalichapisha jambo hilo, na dunia nzima ikaliita kwa jina la Mpemba. Kuhusu maji, wataalamu wanabishana mpaka leo. Lakini sikia: mwaka 2020 watafiti wawili nchini Kanada, Avinash Kumar na John Bechhoefer, walishika kijishanga kisichoonekana kwa macho kwa kutumia mwanga wa leza. Wakaonyesha kwamba kilichoanza na joto zaidi kinaweza kuwahi kupoa. Mwaka 2024 wenzao wa Innsbruck, Austria, wakaona ndugu ya tukio hilo kwenye ayoni 12 tu, yaani atomu zenye chaji ya umeme. Ayoni 12, na jina ni la mwanafunzi wa Lushoto! Mimi nafurahi kila ninapolikuta kwenye majarida ya fizikia.

Unalima muhogo? Basi hili lako. Mwaka 2017 watafiti waliifundisha kompyuta kutambua magonjwa ya muhogo kwa picha za majani zilizopigwa mashambani hapahapa Tanzania, picha 2,756. Ikapatia kwa 93%! Kazi hiyo ndiyo iliyozaa Nuru, programu ya simu inayolitazama jani shambani bila kuhitaji intaneti.

Na ukitaka kuvijua virusi vyenyewe vinavyoushambulia muhogo, je? Kuna kifaa kinachokaa kiganjani, chenye vitundu vya upana wa nanomita moja hivi. Uzi wa vinasaba ukipenya kitunduni, mkondo wa umeme hupandashuka, na kompyuta iliyofunzwa huyatafsiri mabadiliko hayo kuwa herufi za vinasaba, mamia kwa sekunde. Wanasayansi walikibeba hadi mashamba matatu, moja Tanzania, moja Kenya, moja Uganda. Tangu kufika shambani hadi kuvijua virusi: chini ya saa 3!

Na kompyuta kujifunza si jambo la jana. Wajua gesi ya Mnazi Bay, pale Msimbati, iligunduliwa 1982? Mwaka uleule John Hopfield alichapisha mtandao wake wa neva za kubuni, unaokumbuka picha hata zilizoharibika. Mwaka 2024 akapewa Nobel ya Fizikia pamoja na Geoffrey Hinton.

La mwisho, kisha nikuache uende. Unakikumbuka Kimbunga Kenneth? Aprili 2019 kilitua Cabo Delgado, ng'ambo ya Ruvuma, kwa upepo wa kilomita zipatazo 220 kwa saa. Leo ipo programu ya kutabiri hali ya hewa, iitwayo GraphCast, ya Google DeepMind. Ipe hali ya hewa ya sasa na ya saa 6 zilizopita, basi. Itakutabiria siku 10 za dunia nzima kwa chini ya dakika 1! Ilipopimwa kwa vigezo 1,380 dhidi ya mfumo mkuu wa Ulaya, iliushinda kwenye zaidi ya 90% ya vigezo hivyo. Na hakuna aliyeiandikia kanuni za upepo wala mvua: ilisoma tu kumbukumbu za hewa za miaka 39, tangu 1979 hadi 2017.