Ramani ya Mjerumani ukutani, bibi akahoji: Sisi tuko wapi?

Jumamosi iliyopita, siku ya gulio, nilishuka Tengeru nikapitia kwa mshikaji wangu mmoja. Sebule yake usipime! Sofa mpya, na juu yake fremu kubwa ya ramani ya Kijerumani ya enzi za ukoloni. Arusha imeandikwa "Aruscha", mlima wa jirani "Kilimandscharo". Ni nakala tu, lakini inapendeza kweli.

Bibi yake, Mmeru wa kuzaliwa, akaikodolea macho. "Sasa wajukuu zangu, sisi tuko wapi humo?" Tukacheka. Nilipofuatilia habari yenyewe, kicheko kikaniisha.

Msomaji, ramani zamani zilikuwa na kazi zake. Karne ya 19 Wajerumani wapatao milioni 5 walihamia Marekani, wengi wakipandia meli Bremen na Hamburg. Wachapaji wa kwao wakawauzia vitabu na ramani kwa Kijerumani, zenye bandari, mito na reli. Leo wakusanyaji wa vitu vya kale wanazigombea. Mhamiaji alionyeshwa pa kwenda. Nani anaondolewa ili yeye apate shamba? Hilo halikuwa lake kuuliza.

Sasa, wakubwa fulani kule Ujerumani roho ziliwauma: watu wetu wakifika Marekani wanageuka Wamarekani! Wakapiga debe wapate makoloni yao wenyewe. Mmoja wao ni Carl Peters, aliyekuja huku 1884 kuwasainisha machifu mikataba.

Meru nayo ikafikiwa. Mwaka 1896 wamisionari wawili, Ovir na Segebrock, waliuawa Akeri, si mbali na Tengeru. Wajerumani wakalipiza kisasi kikali. Kufikia 1900 boma la Arusha lilikuwa limesimama, lile ambalo leo ni makumbusho. Kisha ardhi nono ya chini ya mlima ikakatwa mashamba. Wakaja Makaburu kutoka Afrika Kusini, na Wajerumani waliotokea Urusi wakawekwa Leganga, upande wa Usa River. Makaburu wengi baadaye walitimkia Kenya. Mjerumani akashindwa vita, akaingia Mwingereza, lakini mashamba mengi yakaishia kwa walowezi wengine.

Kumbe kasheshe lilikuwa bado. Mwaka 1951 serikali ya Mwingereza iliwaondoa kwa nguvu Wameru wapatao 3,000 kule Engare Nanyuki, nyumba zikachomwa, ili Wazungu wafuge ng'ombe. Wameru wakachangishana fedha, na 1952 Kirilo Japhet akaenda New York kuwashtaki Umoja wa Mataifa. Ardhi haikurudi siku ile, ila kilio kilisikika Tanganyika nzima, na miaka miwili baadaye TANU ikazaliwa.

Nilirudi kwa mshikaji na habari hizi, najiona mjanja. Bibi akanisikiliza hadi mwisho, kisha akasema taratibu kwamba mwaka ule alikuwa mtoto, na alitoka Engare Nanyuki mgongoni kwa mama yake.

Tukanyamaza wote.

Ramani bado iko ukutani. Ila sasa kwenye kioo kuna alama tatu za kalamu nyekundu: Akeri, Leganga, Engare Nanyuki. Bibi ndiye aliyekuwa anaelekeza, sisi tunachora.

Na wewe mwenye pambo kama hilo sebuleni, una bibi? Muulize mapema.