TUSIUZE GARI LA MZEE KAMA CHUMA CHAKAVU



Nataka kusema na wananchi wenzangu juu ya uuzaji wa magari ya zamani yaliyotunzwa.

Marehemu baba yangu alituachia Peugeot 504, ile ndefu ya familia yenye safu tatu za viti. Magari haya yalianza kutengenezwa Ufaransa mwaka 1968, na yalishinda mashindano ya Safari Rally mwaka 1975 na 1978. Kabla yake, 404 ilishinda mwaka 1966 na 1967 ikiendeshwa na Bert Shankland, mkazi wa Tanzania. Wazee wanakumbuka.

Lakini madalali wa hapa Chalinze, penye njia panda ya Morogoro na Segera, wana swali moja tu: la mwaka gani? Ukijibu, wanacheka. Mmoja alitaja bei ya kilo, kama anayenunua mabati mabovu. Hakufungua boneti. Hakuinama kutazama sakafu, na kutu hupenda kuanzia huko. Mzee aliandika kila kitu katika daftari la shule: siku ya kubadili oili, siku ya platini, siku ya kurekebisha tapeti. Kwangu daftari hilo lina thamani kuliko rangi mpya, maana rangi huficha kutu.

Wa pili alikuja na bei nzuri, ila kwa sharti kwamba alipe siku ile ile na aondoke na kadi yenye jina la marehemu. Habari ya kubadili jina eti tungeonana baadaye. Kaka zangu wawili walikuwa tayari. Mimi nilikataa, na nyumbani tumenuniana mpaka leo. Marehemu hawezi kutia sahihi mkataba. Lazima ukoo ukae, mahakama imteue msimamizi wa mirathi, ndipo yeye aandikiane na mnunuzi na jina libadilishwe Mamlaka ya Mapato. Bila hivyo, gari likigonga mtu kule Msata, polisi wataanza na jina lililo kwenye kadi, yaani watakuja kwetu. Tena fedha hizo ni za warithi wote, pamoja na dada zetu ambao hakuna aliyewauliza.

Muhtasari wa kikao cha ukoo tumekwisha upeleka Mahakama ya Mwanzo. Mnunuzi wa kweli na aje na fundi wake, walale chini ya gari watazame. Daftari nitawapa walisome.

Mwalimu wa Shule ya Msingi,
Chalinze.