Mama, Chagua Mazoezi ya Nguvu Yanayokufaa

(MUZIKI WA KUFUNGUA. UNAPUNGUA.)

MTANGAZAJI: Leo tunazungumza na akina mama na dada kuhusu mazoezi ya kujenga nguvu. Anayetaka kuanza ataanzaje? Kati ya mipango mingi ya mazoezi, achague upi? Studioni niko na mama mmoja ambaye ameomba tusitaje jina lake. Mama, karibu.

MAMA: Asante, mwanangu. Nawasalimu wote.

MTANGAZAJI: Mama, tueleze yaliyokupata Jinja.

MAMA: Nilikwenda kumwona mtoto wa dada yangu, anakaa Walukuba. Mgongo ulikuwa unanisumbua. Jirani yake akaniambia, mama, mgongo wako hauna nguvu, twende kwenye ukumbi wa mazoezi. Nikalipa pesa ya mwezi mzima. Ile pesa nilikuwa nimeiweka kwa daftari na viatu vya watoto. Siku ya kwanza kijana akanipa chuma kirefu, akaongeza sahani pande zote, akasema inua. Nikainua. Siku ya tatu sikuweza kuinama kuwasha moto. Sikurudi tena, na pesa haikurudi.

MTANGAZAJI: Pole sana, Mama. Yule kijana alikuuliza kitu kabla ya kukupa chuma?

MAMA: Hakuna. Hata umri hakuuliza. Mimi nimezaa mara saba, angeniuliza ningemwambia.

MTANGAZAJI: Wasikilizaji, shikeni hilo, tutalirudia. Sasa wengi wanasema: mimi nateka maji, nakata kuni, nalima, nabeba mtoto. Mazoezi ya nini tena?

MAMA: Hata mimi nasema hivyo. Kazi yenyewe si mazoezi?

MTANGAZAJI: Kazi inaujenga mwili, Mama, lakini haichagui. Jerikeni ya lita 20, ile wengine tunaita bidoni, ikijaa maji ni kilo 20 na kitu, kwa sababu lita moja ya maji ni kilo moja. Tuseme uzito mkubwa kabisa unaoweza kuinua ni kilo 25. Basi kila ukibeba ile jerikeni uko karibu na mwisho wa nguvu zako, na mgongo unalia. Lakini ukijenga nguvu mpaka ukaweza kilo 40, jerikeni ile ile inakuwa nusu tu ya uwezo wako. Maji hayajapungua, ila wewe umeongezeka.

MAMA: Hapo nimeelewa.

MTANGAZAJI: Jambo la pili, kazi inatumia viungo vile vile kila siku. Unabeba kwa mkono ule ule, unalima umeinama upande ule ule. Misuli ya mgongo wa juu, ya makalio na ya nyuma ya mapaja inaweza kubaki nyuma. Mpango mzuri wa mazoezi unaigusa misuli yote, unaanza na uzito mdogo, unaongeza polepole, na unakupa siku ya kupumzika. Kazi ya nyumbani haikupi hiyo siku.

Jambo la tatu ni umri. Kuanzia miaka ya thelathini hivi, misuli huanza kupungua kidogo kidogo mtu asipoitumia ipasavyo. Na mwanamke akifikia kukoma hedhi, mifupa yake hupoteza ugumu kwa haraka zaidi. Mazoezi ya nguvu husaidia vyote viwili. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linashauri watu wazima wafanye mazoezi ya kuimarisha misuli angalau siku mbili kwa wiki.

MAMA: Na wale wanaosema mwanamke akiinua vyuma atakuwa na mwili wa mwanaume?

MTANGAZAJI: Mwili wa mwanaume una homoni nyingi inayokuza misuli mikubwa. Mwanamke anayo kidogo sana. Atapata nguvu na atakuwa imara, lakini hatageuka mwanaume. Mtu akisema nguvu si za wanawake, mkumbushe Peruth Chemutai, binti wa Bukwo kwenye mlima Elgon. Mwaka 2021, kwenye Olimpiki ya Tokyo, alishinda mbio za mita 3000 za kuruka viunzi na maji. Ni mwanamke wa kwanza wa Uganda kupata dhahabu ya Olimpiki.

(MUZIKI MFUPI)

MTANGAZAJI: Baada ya kusikia habari ya Mama, nilipata nafasi ya kupita Jinja, nikaendelea kwa taksi kupitia Iganga na Tirinyi mpaka Mbale. Niliona njia tatu ambazo wanawake wanazitumia.

Ya kwanza ni ukumbi wa kulipia, kama ule wa Mama. Si kumbi zote ni mbaya. Faida yake ni vifaa na mwalimu, kama mwalimu anakuangalia. Hasara yake ni pesa, usafiri, na wanawake wengine kuona aibu mbele ya wanaume.

Ya pili ni video za simu. Dada mmoja mjini Jinja alinionyesha video ya siku 30 za kuondoa tumbo, mazoezi kila siku bila kupumzika. Aliifuata siku tisa, magoti yakavimba. Video haikuoni. Ukikosea, haikwambii.

Ya tatu niliiona Mbale, katika mtaa wa Namatala, chini ya ule ukuta wa mlima Wanale. Kikundi cha wanawake kinakutana jioni mara mbili kwa wiki nyuma ya kanisa. Wapo wenyeji, wapo na wakimbizi. Anayewaongoza ni muuguzi mstaafu. Vifaa vyao ni jerikeni ndogo, benchi na ukuta. Kila mmoja ana daftari.

MAMA: Jerikeni? Wanabeba maji tena?

MTANGAZAJI: Ndiyo, Mama, lakini kwa kipimo. Jerikeni ya lita 3 ni kilo 3, ya lita 5 ni kilo 5. Ukiweka mchanga mkavu, lita moja hufika kilo moja na nusu hivi. Hiyo ni mizani ambayo kila nyumba ya kambini inayo. Wao hujaza jerikeni ndogo mpaka juu, kwa sababu maji nusu yanatikisika na kukuvuta upande.

Sasa utachaguaje? Mpango wowote utakaoletewa, wa ukumbi, wa simu au wa jirani, uulize maswali sita.

La kwanza: je, umeniuliza habari zangu? Umri, uzazi, upasuaji, presha, mimba, maumivu. Mwalimu asiyeuliza hakufai. Yule wa Jinja alianguka hapa hapa.

La pili: ni siku ngapi kwa wiki? Anayeanza zinamtosha siku mbili au tatu, na katikati kuwe na angalau siku moja ya kupumzika. Misuli hujengeka wakati wa kupumzika. Mpango wa kila siku kwa misuli ile ile, uache.

La tatu: unagusa mwili mzima? Tafuta mambo matano: kuchuchumaa na kusimama, kuinama kwa nyonga na kuinuka, kusukuma, kuvuta, na kubeba. Mpango wa tumbo peke yake haujakamilika. Tena mazoezi ya tumbo hayachagui kuondoa mafuta ya tumbo.

La nne: unaniambia jinsi ya kuongeza? Mpango mzuri unasema uanze na nini, na lini uongeze. Ukikupa uzito mkubwa siku ya kwanza, au ukikuacha na uzito ule ule mwaka mzima, si mpango.

La tano: ninaweza kuufuata miezi miwili kwa pesa yangu, muda wangu na chakula changu? Mpango wa dakika 25 unaoufuata unapita wa saa moja unaouacha.

La sita: unaahidi nini? Ukiahidi kupunguza kilo kumi kwa wiki mbili, au ukikulazimisha kununua dawa na unga wa nguvu, huyo anatafuta pesa yako.

MAMA: Basi nipe mmoja niuone.

MTANGAZAJI: Nitakupa unaofanana na ule wa Mbale. Chagua siku mbili, kwa mfano Jumanne na Ijumaa. Kwanza tembea mahali ulipo na zungusha mabega dakika tano. Halafu:

Moja. Kaa kwenye benchi na usimame bila kujishika. Mara 8.

Mbili. Weka mikono ukutani, rudi hatua moja nyuma, kunja viwiko ukaribie ukuta, kisha sukuma. Mara 8.

Tatu. Shika jerikeni ya lita 3 kwa mikono miwili mbele ya mapaja. Legeza magoti kidogo, sukuma makalio nyuma kama unafunga mlango kwa makalio, mgongo ukiwa umenyooka. Inuka. Mara 8. Zoezi hili ndilo linalokufundisha kuinua maji bila kuumia.

Nne. Weka mkono mmoja kwenye benchi, inama, na kwa mkono mwingine vuta jerikeni mpaka karibu na mbavu. Mara 8 kila upande.

Tano. Lala chali, kunja magoti, inua nyonga, shusha polepole. Mara 8.

Sita. Beba jerikeni mbili zenye uzito sawa, moja kila mkono, tembea hatua 30 ukiwa umesimama wima.

Wiki mbili za kwanza fanya mzunguko mmoja tu. Baada ya hapo fanya miwili. Pumzika dakika moja au mbili kati ya zoezi na zoezi. Unapoinua, toa pumzi, usiizuie. Kila zoezi limalizike ukiwa bado ungeweza kuongeza mara mbili au tatu. Ukiweza mara 12 bila kupinda mgongo, ongeza lita moja na urudi kwenye mara 8. Zile za kukaa na za ukutani, ongeza kwa kutumia kiti kifupi zaidi, au kurudi hatua nyingine kutoka ukutani. Andika kwenye daftari, au weka alama ya mkaa ukutani.

MAMA: Na yale maumivu ya kesho yake?

MTANGAZAJI: Misuli kuuma kidogo siku moja au mbili ni kawaida kwa anayeanza. Lakini maumivu makali ya kuchoma kwenye kiungo, maumivu ya mgongo yanayoshuka mguuni, kizunguzungu, kifua kubana, au kutoka damu, acha mara moja na uende kituo cha afya.

Mwenye mimba, aliyejifungua karibuni, aliyepasuliwa, mwenye presha au ugonjwa wa moyo, azungumze kwanza na mkunga au muuguzi. Wengi wao wanaweza kufanya mazoezi mepesi, ila kwa ushauri. Na mama ambaye mkojo unamtoka akikohoa au akiinua kitu, usione aibu. Hutokea kwa wengi baada ya kuzaa. Kuna mazoezi ya kubana misuli ya chini, kana kwamba unazuia mkojo, na mkunga anaweza kukuelekeza. Kama mkojo unatoka mfululizo mchana na usiku, huenda ni fistula, nayo inatibika. Nenda ukaonane na daktari.

MAMA: Mwanangu, umesahau jambo moja. Chakula. Mgao umepungua. Mtu anakula mara moja kwa siku, utamwambia ainue jerikeni?

MTANGAZAJI: Sijasahau, Mama, na sitadanganya hapa. Misuli haijengwi na upepo. Siku ambayo hujala, usifanye. Siku ambayo umelima kutwa nzima, pumzika. Kama chakula ni kidogo, fanya mzunguko mmoja siku mbili kwa wiki na usiongeze haraka, hata huo una faida. Ukipata chochote, panga vyakula vinavyojenga mwili: maharage, karanga, mukene, yai. Jinja mukene wako jirani na ziwa. Mbale wanapika malewa, yale machipukizi ya mianzi ya mlimani, kwa karanga za kusaga, na zile karanga ndizo zinazoleta kujenga mwili. Hata kijiko cha karanga kwenye mboga ni kitu. Ukijiona unakonda au unazimia, mazoezi yasimame, twende kwanza kituo cha afya.

MAMA: Na wanaume watasema tumeacha kazi tunacheza.

MTANGAZAJI: Mwambie baba nyumbani ukweli, kwamba mgongo ukiharibika, maji atateka nani? Na mwalike akuangalie mgongo ukiwa umenyooka, naye atajifunza. Mkiwa watatu au wanne kwenye uwanja uliozungukwa na turubai, mmoja anafanya na wengine wanashika watoto. Muombe mhudumu wa VHT apite siku ya kwanza.

MAMA: Mimi nitaanza na lita 3. Ile lita 20 itaningoja.

MTANGAZAJI: Na tutakuita tena baada ya wiki nane, Mama, utuambie umefika lita ngapi. Wasikilizaji, kazi ya vikundi vya kusikiliza wiki hii ni hii: jadilini yale maswali sita, halafu kila mmoja ataje mpango mmoja aliowahi kuusikia na aseme unaanguka kwenye swali gani. Tuleteeni majibu kupitia kiongozi wa kikundi.

Usiku mwema, na beba maji yako kwa mgongo ulionyooka.

(MUZIKI WA KUFUNGA)