Nisome Kitabu Gani? Kupendekeza Vitabu, Kuazimana na Amana Iliyomo

Bismillahir Rahmanir Rahim

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na Sahaba zake wote. Ama baada ya hayo:

Ndugu msomaji, hakuna darsa inayomalizika ila huulizwa swali hili: "Sheikh, nisome kitabu gani?" Muulizaji huliona dogo, na muulizwa mara nyingi hulijibu akiwa mlangoni mwa msikiti, kiatu kimoja kimeshavaliwa. Nasi tulikuwa tukilijibu hivyo hivyo, mpaka yalipotufika yaliyotufika.

Kijana mmoja alitujia akitaka kitabu cha fiqhi. Siku zile tulikuwa tunasoma Bidayatul Mujtahid ya Ibn Rushd (aliyefariki mwaka 595 Hijria, sawa na 1198), na tulikuwa tumeipenda mno. Tukampa hiyo hiyo, kwa tafsiri ya Kiingereza. Hatukumuuliza amesoma nini kabla yake. Kitabu hicho kimetungwa kueleza kwa nini mujtahidi wamehitilafiana, na msomaji wake hutakiwa awe ameshasimama katika madhehebu yake. Kijana wetu hakuwa ameshika hata nguzo za udhu. Baada ya miezi michache aliacha kuswali nyuma ya imamu wa mtaa wake kwa sababu ya kunuti ya Alfajiri, na wenzake wawili wakamfuata.

Kitabu hakikuwa na kosa, kosa lilikuwa letu. Tulikwenda kumtaka radhi yule imamu, kisha tukakaa na kijana na kuanza upya na Safina. Alhamdulillahi yeye alirudi katika safu. Wale wawili hawajarudi. Kwa ajili ya hao tumeona tuandike maneno haya, tujinasihi sisi kwanza kisha wenzetu.

ASILI YA JAMBO HILI

Kumuonyesha mtu kitabu chema ni katika kusaidiana juu ya wema na uchamungu, jambo ambalo Mwenyezi Mungu ametuamrisha katika Suratul Maida, aya ya 2. Na Imam Muslim amepokea kutoka kwa Abu Mas'ud Al-Ansari (R.A.) kuwa mtu mmoja alimjia Mtume (S.A.W.) hali mnyama wake wa kupanda ameharibika, akaomba apewe mwingine. Mtume (S.A.W.) hakuwa naye. Akasimama mtu mwengine akasema kuwa anamjua atakayempatia. Hapo Mtume (S.A.W.) akabainisha kuwa mwenye kuelekeza kwenye kheri hupata mfano wa ujira wa mwenye kuitenda.

Tuzingatie. Mtu yule hakutoa mnyama, alitoa neno tu. Basi asiye na uwezo wa kununua kitabu asijione amekosa mlango wa thawabu, kwani kumuelekeza mwenzake kwenye kitabu kitakachomtengenezea Swala yake ni kheri iliyo mfano wa ile.

Lakini upande wa pili nao upo. Imepokewa na Abu Daud na Tirmidhi kuwa mwenye kutakwa ushauri ameaminiwa. Maana yake ni kuwa anayeulizwa "nisome nini?" amewekewa amana. Akijibu kwa kubahatisha, au akapendekeza kitabu ili aonekane msomi, au akakisifu kwa kuwa mtunzi ni wa kundi lake, hakuitimiza amana hiyo.

MAMBO MATATU YA KUANGALIA

Kwanza: Ukijue kitabu. Usikisifu kitabu ambacho hujakisoma, au hukusikia habari zake kwa mwanachuoni unayemuamini. Muhammad bin Sirin, katika Tabiina wakubwa, aliwausia watu waangalie wanaichukua dini yao kwa nani, na wasia huo Imam Muslim ameuweka katika utangulizi wa Sahih yake. Kitabu ni mwalimu asiyesimama mbele yako, basi naye huulizwa: ni nani, alisoma kwa nani, na maulamaa wamesema nini juu yake?

Pili: Umjue muulizaji. Umri wake, lugha anayoisoma, alichokwisha kukisoma, na haja aliyonayo. Katika utangulizi huo huo wa Muslim imepokewa kutoka kwa Abdullah bin Mas'ud (R.A.) onyo kuwa kuwaeleza watu yale ambayo akili zao hazijayafikia huwa ni fitna kwa baadhi yao. Hilo ndilo lililomkuta kijana wetu.

Tatu: Uijue ngazi. Wanavyuoni wetu hawakuvipanga vitabu ovyo. Mtu hupandishwa daraja kwa daraja, na anayeruka daraja mguu wake hauna pa kukanyaga.

NGAZI ILIYOZOELEKA KWETU

Katika fiqhi ya Imam Shafi, ambayo ndiyo iliyoenea pwani yetu ya Afrika Mashariki, mwanafunzi huanza na Safinatun Najah ya Sheikh Salim bin Sumair Al-Hadhrami, aliyefia Batavia (leo Jakarta) mwaka 1271 Hijria, sawa na 1855. Ni kijitabu kidogo, lakini aliyekihifadhi anajua sharti za udhu wake na nguzo za Swala yake. Kisha husomeshwa Matni ya Abu Shujaa pamoja na sherehe yake Fat-hul Qarib ya Ibn Qasim Al-Ghazzi (aliyefariki 918 Hijria). Baadaye hufuata vitabu vikubwa, kama Minhaj ya Imam Nawawi (aliyefariki 676 Hijria, sawa na 1277). Vitabu vya hitilafu za maimamu huja baada ya hapo.

Mwenye kuipanda ngazi hii kwa utaratibu hufika kwenye suala la kunuti akiwa anajua kuwa Malik na Shafi wameiona ni Sunna katika Swala ya Alfajiri, kuwa Abu Hanifa na Ahmad hawakuiona hivyo, na kuwa wafuasi wa wote hao wanaswalishana. Aliyerukia huliona suala lile lile kuwa ni silaha.

Katika Hadithi, mwenye kuanza apewe Arbaini ya Nawawi, ambayo ndani yake mna Hadithi 42, kisha Riyadhus Salihin. Anayetaka Hadithi za hukumu ndiye wa kuonyeshwa Bulughul Maram ya Ibn Hajar Al-Asqalani (aliyefariki 852 Hijria), tena kwa mwalimu. Katika Sira, Ar-Rahiqul Makhtum ya Sheikh Safiur Rahman Al-Mubarakpuri (aliyefariki 2006) imewafaa wengi.

Na asiyejua Kiarabu asidharauliwe. Sheikh Al-Amin bin Ali Al-Mazrui (1891-1947) alikuwa mwanachuoni mkubwa wa Mombasa na Kadhi Mkuu wa Kenya, naye aliandika kwa Kiswahili makusudi ili watu wafahamu. Sheikh Abdallah Saleh Farsy (1912-1982) akaacha tafsiri ya Qur'ani nzima, iliyochapishwa mwaka 1969, na kitabu cha habari za wanavyuoni wa Kishafi wa Afrika Mashariki. Kumpa mama wa nyumbani kitabu cha Kiswahili anachokifahamu ni bora kuliko kumpa cha Kiarabu atakachokibusu na kukirudisha kabatini.

HUKUMU ZA KUAZIMANA VITABU

Mara nyingi pendekezo hufuatwa na ombi: "Basi niazime." Hapa tunaingia katika mlango wa ariya, na wengi wetu tunaufanyia uzembe.

Kuazimisha kitabu ni jambo linalopendeza, na Badrud Din Ibn Jamaa (aliyefariki 733 Hijria) amelitaja katika adabu za mwanafunzi, kwa yule ambaye hapana khofu ya kukiharibu. Ama mwenye kuazima, zipo hukumu zinazomlazimu.

1. Dhamana. Katika madhehebu ya Shafi, kitu cha kuazima kikiharibika au kikipotea bila ya matumizi yaliyoruhusiwa, aliyeazima hulipa thamani yake hata kama hakuzembea. Miongoni mwa dalili ni deraya ambazo Mtume (S.A.W.) aliazima kwa Safwan bin Umayya wakati wa vita vya Hunayn, mwaka wa 8 Hijria, akamwambia kuwa ni ariya yenye dhamana. Wanavyuoni wa Kihanafi wameiona ariya kuwa ni amana, hailipwi ila kwa uzembe au uvukaji mpaka. Basi mvua ikikinyeshea kitabu cha rafiki yako, usitosheke kwa kusema "ni kadari ya Mungu." Kwa madhehebu yetu unadaiwa.

2. Kutomuazimisha mwengine. Aliyeazima hana ruhusa ya kumpa mtu wa tatu ila kwa idhini ya mwenyewe. Vitabu vingi hupotea kwa njia hii.

3. Kutoandika ndani yake. Wanavyuoni wa Kishafi wamesema kuwa aliyeazima kitabu akaona kosa la maandishi hakirekebishi bila ya kujua kuwa mwenyewe yu radhi, isipokuwa Msahafu, ambao kosa lake ni wajibu kulisahihisha. Ikiwa kusahihisha kosa kunataka idhini, vipi kupigia mistari na kukunja kurasa?

4. Kurudisha kwa wakati. Imepokewa kuwa Az-Zuhri (aliyefariki 124 Hijria) alimtahadharisha mwanafunzi wake Yunus bin Yazid juu ya khiyana ya vitabu, na akaifasiri kuwa ni kuvizuia visirudi kwa wenyewe.

5. Mwenyewe akifariki. Ariya hukatika kwa mauti. Kitabu kinakuwa mali ya warithi, na huenda miongoni mwao wamo mayatima, ambao hata wakisema "kaa nacho" ruhusa yao haizingatiwi. Tunakuombeni, kila mmoja wetu arudi nyumbani aangalie rafu yake. Huenda pana kitabu cha sheikh aliyekwisha tangulia mbele ya haki, na watoto wake hawajui kuwa kiko kwetu.

KITABU CHA WAKFU

Njia iliyo bora ya kuwafikishia watu kitabu ukipendacho ni kukiweka wakfu, kwani wanavyuoni wameihesabu wakfu kuwa ni sadaka yenye kuendelea baada ya mauti. Wazee wetu walilijua hilo. Katika maandishi ya mkono yaliyohifadhiwa katika Msikiti Riyadha, Lamu, vimo vitabu vyenye maandishi ya wakfu juu yake.

Masharti ya aliyeweka wakfu hufuatwa. Akisema kisitoke msikitini, hakitoki. Na Muislamu akiazima kitabu kilichowekwa wakfu kwa Waislamu wote, kikaharibika bila ya uzembe wake, Mashafi wamesema hakilipi, kwa sababu naye ni miongoni mwa waliowekewa. Akizembea hulipa.

NAKALA ZA KATIKA SIMU

Siku hizi mtu hutuma vitabu 50 kwa mguso mmoja, na hajafungua hata kimoja. Huku si kupendekeza. Tuma kimoja unachokijua, useme ni cha nani na kianziwe wapi. Tena ikumbukwe kuwa Majmaa ya Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao chake cha tano kilichofanyika Kuwait mwaka 1988, ilipitisha kuwa haki za utunzi zinahifadhiwa kisharia na haifai kuzivamia. Kitabu ambacho mtunzi au mchapishaji amekitoa bure, kisambaze. Ambacho hakukitoa, muelekeze mwenzako pa kukinunua.

KHATIMA

Enyi maimamu na walimu wetu, kesho mtaulizwa tena: "Nisome kitabu gani?" Tuvue viatu, turudi tukae kitako. Tumuulize muulizaji alichokisoma na anachokitaka, tumtajie kitabu kimoja badala ya kumi, na tumwambie atakayemsomesha. Tusipojua, tumpeleke kwa anayejua, kwani hilo nalo ni kuelekeza kwenye kheri.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu atusamehe tulipoelekeza vibaya, awarejeshe katika safu walioondoka kwa sababu yetu, na avijaalie vitabu vyetu viwe hoja kwetu na visiwe hoja juu yetu. Amin.

Wallahu a'lam.