Breki ya mkono: tuanzie kwenye gurudumu

Ndugu msikilizaji, leo napenda tuzungumze juu ya kitu ambacho wengi wetu hatukikumbuki mpaka gari lianze kututoroka: breki ya mkono. Miji yetu ina magari mengi ya umri mkubwa, na katika baadhi yake breki hii imebaki pambo. Gari likisimama mlimani, utingo huruka na jiwe mkononi. Jiwe hilo limetuzoesha vibaya. Siku likiteleza, huenda nyuma ya gari yupo mama anayeuza maandazi, au mtoto anayetoka shule.

Tuchukue mfano wa Toyota Corolla ya miaka ya 1980 yenye breki za dramu nyuma. Unapovuta mkono wa breki, waya huvuta vyenzo vidogo vilivyomo ndani ya dramu, navyo hutanua viatu vya breki mpaka vibane dramu. Breki ikiwa nzima, utasikia ka, ka, ka, kiasi cha milio minne hadi saba, kisha mkono unakaza. Ukifika milio kumi na gari bado linateleza, pana kasoro.

Hapo mafundi wengi hukimbilia nati iliyo kwenye mkono, ndani ya gari, wakaukaza waya. Ni kazi ya dakika tano, na mwenye gari huondoka ameridhika. Mimi nasema hiyo ni sawa na kumkazia mkanda mtu anayekonda: suruali haidondoki, lakini ugonjwa uko palepale.

Mara nyingi kilichopungua ni unene wa viatu. Ndani ya dramu mna ajasta, yaani kigurudumu chenye meno kinachojisogeza chenyewe ili viatu vikae karibu na dramu. Kikigandishwa na kutu na vumbi, viatu hubaki mbali, na mkono hupanda. Ukikaza waya wakati huo, vyenzo havirudi mahali pake, ajasta huzidi kushindwa kazi, na viatu huweza kukwaruza dramu safari nzima. Gurudumu linakuwa la moto na mafuta yanaisha upesi.

Utaratibu unaofaa ni huu. Gari liwe mahali tambarare, magurudumu ya mbele yawekewe vigingi mbele na nyuma, gia iwe huru. Inua nyuma kwa jeki, kisha weka stendi; jeki peke yake haitoshi. Shusha mkono na ulegeze kabisa nati ya waya. Fungua dramu uvitazame viatu. Vikiwa vimekwisha, badilisha vya pande zote mbili. Vumbi usilipulize kwa mdomo, maana viatu vya zamani huweza kuwa na asbesto. Futa kwa kitambaa kilicholowa.

Rudisha dramu. Kwa bisibisi nyembamba, kupitia tundu lililo kwenye bamba la nyuma, zungusha ajasta mpaka gurudumu ligome, kisha irudishe meno machache mpaka lizunguke bila kukwama. Wakati wa kuirudisha, bisibisi ya pili isukume pembeni kile kichuma kinachoizuia. Fanya hivyo pande zote mbili. Sasa ndipo ukaze waya mpaka upate milio yako minne hadi saba. Ukishusha mkono, magurudumu yote mawili yazunguke bila kizuizi.

Kama gurudumu moja linabana na la pili linazunguka, usikaze zaidi. Huenda waya wa upande huo umeganda ndani ya ala yake, au viatu vimelowa mafuta ya breki yanayovuja. Waya ulioganda au uliokatika nyuzi hubadilishwa. Viatu vilivyolowa navyo hubadilishwa, baada ya kuziba uvujaji.

Basi, ndugu msikilizaji, ukifika gereji usiseme, “Nikazie breki ya mkono.” Sema, “Fungua dramu tuone.” Itachukua nusu siku na itagharimu zaidi kidogo, lakini utaliacha gari lako mlimani ukijua litakaa ulipoliacha. Kwaherini hadi wiki ijayo.