Ulinzi wa mzazi unapomnyima mwana ari ya masomo

KIJANA aliyepata alama za kutamanika katika KCSE anapoanza kukosa mihadhara katika mwaka wake wa kwanza chuoni, lawama huelekezwa kwa pombe na marafiki wabaya. Ni nadra kwa mtu kuuliza ni nani aliyekuwa akimwamsha, akimpangia ratiba na kumsemea siku zote kabla ya hapo.

Wanasaikolojia wamelichunguza suala hili kwa muda mrefu. Katika kitabu cha mwaka 1969, Haim Ginott alimtaja kijana aliyelalamika kwamba mamake huranda juu yake mithili ya helikopta. Mnamo 1990, Foster Cline na Jim Fay wa Marekani waliipa tabia hiyo jina, na tangu hapo wakaitwa wazazi helikopta.

Maelezo ya kina yanatokana na nadharia ya Edward Deci na Richard Ryan, waliosema kwamba ari ya kweli hutegemea mambo matatu: mtu awe na hiari katika analolifanya, ajihisi ana uwezo wa kulifanya, na awe na uhusiano mwema na wenzake. Ulinzi uliokithiri huyapokonya mawili ya kwanza. Utafiti wa Holly Schiffrin na wenzake, uliochapishwa mwaka 2014 baada ya kuwahoji wanafunzi 297 wa chuo nchini Marekani, uligundua kwamba waliosema wazazi wao huwadhibiti kupita kiasi walikuwa na dalili zaidi za sonona na hawakuridhika sana na maisha. Ni kweli kwamba utafiti wa aina hiyo hauthibitishi kipi kilitangulia; huenda kijana aliyekwisha kulemewa ndiye humfanya mzazi azidi kumkaribia.

Humu nchini, mambo huanzia wakati wa kuchagua kozi kupitia KUCCPS. Si ajabu mzazi kuishika nywila ya mwanawe na kumjazia uuguzi au sheria, ilhali moyo wa mtoto uko kwenye uchoraji. Kijana huyo hufika bewani akisoma shahada ya babake. Akifaulu, ushindi ni wa baba. Akianguka, anguko nalo ni la baba, na hapo ndipo penye hatari, kwa kuwa mtu haumizwi na hasara isiyokuwa yake. Kazi ya ziada huiandika usiku wa kuamkia siku ya kuiwasilisha, akainakili kwa mwenzake, wala hajali.

Watoto wa matajiri si wao pekee. Mwanafunzi wa shule ya bweni huongozwa na kengele tangu alfajiri hadi anapolala, kisha likizoni hukabidhiwa mwalimu wa kumfunza nyumbani. Chuoni hakuna kengele.

Wahenga walinena kuwa mchelea mwana kulia hulia yeye. Wengi huitumia methali hiyo kutetea kiboko, ingawa yafaa vilevile kwa mzazi asiyestahimili kumwona mwanawe akihangaika kidogo.

Hata hivyo, kujitenga kabisa si dawa. Anayelipa karo ana haki ya kujua masomo yanaendeleaje, na kijana aliyeachwa mkiwa huumia pia. Tofauti ni baina ya kuuliza na kutenda. Chukua mfano wa alama zinazokosekana, kero inayowasumbua wanafunzi wengi wa vyuo vikuu. Mzazi mmoja hupanda matatu hadi ofisi ya mkuu wa idara, mwanawe akimfuata nyuma kimya. Mwingine humsikiliza mwanawe kwenye simu, kisha akamuuliza: umekwenda ofisi gani, umemwona nani, na kesho unakusudia kurudi saa ngapi?